Chemsha Jumapili, unga jioni: kupika kwa gharama ndogo kwa asiyependa jiko

Hapa hakuna anayebembelezwa apende kupika. Kinachowachosha wengi ni kule kuanza: kuwasha mkaa, kuchambua mawe, kumenya, kukatakata, halafu kuosha masufuria usiku wa Julai huku Nyanda za Juu Kusini maji yakiuma vidole. Ukiyafanya hayo kila jioni, siku ya tatu utaona bora chipsi mayai, na mwezi haujafika nusu mfuko umekauka. Dawa yake ni kuyakusanya yafanyike mara moja au mbili kwa wiki, ili jioni zilizobaki ziwe na kazi ya dakika 15 tu.

Kiswahili chenyewe kimeshaligawa jambo hili: kuna kuchemsha na kuna kuunga. Kuchemsha kunataka muda na moto, hakutaki akili. Kuunga kunataka dakika chache na kitunguu kimoja. Wanaochukia jiko hujitesa kwa kuyafunga mawili hayo pamoja kila siku. Yatenganishe. Chemsha chungu kizima siku ya mapumziko, bila nyanya, bila nazi, chumvi tu. Kila jioni chota kiasi chako, unga, kula.

Maharage, na kwa nini huku hayaivi upesi

Nyanda za Juu Kusini mhimili wa jiko la gharama ndogo ni maharage, na hapo ndipo watu hupoteza mkaa mwingi bila kujua sababu. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka yakiwa na joto pungufu kwa nyuzi 1. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya ni kama 94, Iringa mjini 95, Njombe na Makete chini zaidi. Maji yakishachemka joto lake haliongezeki hata ukipuliza moto namna gani. Moto mkali hukausha maji na kumaliza mkaa, maharage yanabaki kwenye zile zile nyuzi 94. Kwa hiyo pishi la mtu wa Pwani likisema saa moja, huku weka moja na nusu, na yakishatokota punguza moto hadi yawe yanacheza taratibu tu.

Ununuzi unaamua mengi kuliko moto. Maharage ya zamani, hasa yaliyokaa ghalani penye joto au unyevu, hugeuka magumu kiasi kwamba hata saa tatu hayalainiki. Mapya huanza kujaa sokoni mvua zinapokwisha, Juni na Julai; hapo ndipo pa kununua mengi. Tazama ngozi: mapya yana mng'ao na rangi safi, ya zamani yamefifia, na yale ya rangi ya maziwa yamekuwa ya kahawia. Kama hupendi kusubiri, chagua ya njano. Huiva mapema kuliko mekundu makubwa, na mchuzi wake ni mzito bila kuongezewa kitu. Kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu kadhaa za maharage, Njano Uyole ikiwa mojawapo, kwa hiyo huku si ya kutafuta kwa tochi.

Sado ya lita 4 iliyosawazishwa hubeba maharage takriban kilo 3 na robo. Ukipimiwa kwa sado, angalia kama chini haijabonyezwa kwa ndani. Nyumbani yatie kwenye chupa za maji za plastiki zilizokauka kabisa, ujaze hadi shingoni, ukaze kifuniko. Bungua akikosa hewa hufa, na wewe hulazimiki kunyunyiza dawa kwenye chakula.

Jumamosi jioni, wakati wa taarifa ya habari, chambua kilo 1. Osha, loweka kwenye maji lita 3 yenye vijiko 2 vya chakula vya chumvi. Wapo watakaokwambia chumvi hukaza maharage. Sivyo. Kwenye maji ya kulowekea, chumvi hulegeza ngozi, kwa sababu hushika nafasi ya madini ya kalsiamu na magnesiamu yanayoifanya ngozi iwe ngumu. Kinachokaza ni vitu vichachu, yaani nyanya, ndimu, ukwaju, vikitiwa kabla maharage hayajalainika. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi pia hukaza; kama bomba limekata na kuna maji ya mvua, tumia ya mvua.

Muda wa kulowekwa ni saa 8 hadi 12. Juni na Julai, maji yakiwa baridi, maharage hunywa polepole, kwa hiyo yape saa 12 kamili. Umesahau? Yachemshe dakika 2, funika, yaache saa moja, kisha mwaga yale maji. Njia hii haishindi kulowekwa usiku kucha, ila inaokoa Jumapili.

Asubuhi mwaga maji, suuza, weka maji mapya yapite maharage kwa vidole vitatu. Dakika 30 za kwanza yatokote kwa nguvu, na hapa usibane mkaa. Maharage, mekundu hasa, yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto wa kweli. Yakipashwa tu kwa joto la chini yanaumiza tumbo vibaya. Baada ya hapo punguza moto. Mapya yaliyolowekwa huiva kati ya saa moja na robo na saa mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto. Kipimo cha kuiva: bonyeza moja kati ya ulimi na kaakaa. Likipondeka lote, limeiva. Likiacha punje ya unga katikati, bado. Jaribu matano, usijaribu moja, maana sokoni huchanganya ya misimu miwili na yataiva kwa nyakati mbili.

Magadi? Hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na huacha ladha ya sabuni. Ukiyatumia kwa sababu maharage ni ya zamani sana, robo kijiko cha chai inatosha kwa kilo 1, uyatie kwenye maji ya kulowekea ambayo utayamwaga.

Presha, kapu, mkaa

Kwa anayechukia jiko, kitu kimoja cha kudunduliza ni presha kuka. Huko ndani maji hupita nyuzi 100 hata ukiwa Makete, kwa hiyo kilema cha mwinuko kinaondoka. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 15 hadi 20 tangu ianze kupiga mluzi. Yasiyolowekwa, dakika 45 hivi. Usipitishe nusu ya sufuria, kwa sababu maharage huvimba na povu lake huziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu hilo. Ukizima, iache ishushe presha yenyewe; ukiilazimisha maharage hupasuka na mchuzi unaruka. Ikianza kuvuja pembeni, mara nyingi ni mpira wa kifuniko umechoka, na mpira huuzwa peke yake.

Ya umeme ni nzuri zaidi kwa mtu wetu, maana hujizima. Wengi huogopa luku. Piga hesabu: chombo cha wati 1,000 kikivuta umeme wote saa nzima kingekula uniti 1, na hiki hakivuti muda wote, kikishafika presha hukata na kurudi. Kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Linganisha na kopo la mkaa la mtaani kwako.

Huna presha, tumia kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, tandika blanketi kuukuu, tengeneza shimo la kukaa sufuria, na andaa mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yatokote dakika 40, kisha sufuria ikiwa na kifuniko kinachobana iingie kapuni haraka, usifunue kwa saa 4. Ukitoa, yachemshe tena dakika 10. Kapu hushindwa kwa sababu mbili: sufuria nusu tupu, ambayo hupoa upesi, na kifuniko kinachovuja mvuke. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Wali nao: ukishachemka dakika 8, kapu humalizia kwa dakika 45 bila kuungua, na ukoko wa kusugua haupo.

Kwa wa mkaa, mbinu ni kupanga foleni. Moto wa mwanzo, ulio mkali, ni wa maharage kutokota. Unapotulia, wekea viazi. Makaa ya mwisho yachemshe maji ya kuoshea vyombo. Na baridi ya Julai isikushawishi kuingiza jiko kwenye chumba kilichofungwa ili uote moto huku chungu kinatokota. Hewa ya mkaa haina harufu na huua watu usingizini.

Kutunza chungu

Hapa ndipo mpango wote unaweza kuharibika. Kilo 1 kavu hutoa kama kilo 2 na robo yaliyoiva. Ligawe fungu hilo mara nne. Kila robo hutosha watu 4 wakila na ugali. Sufuria ikitoka motoni iketishe kwenye beseni la maji baridi, ubadilishe maji mara moja, ipoe ndani ya nusu saa. Ukiiacha mezani ikiwa imefunikwa mpaka usiku, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi na hapo ndipo yanapochacha.

Kwenye friji hukaa siku 4. Bila friji, yachemshe yatokote dakika 5 kila asubuhi na kila jioni, na usizidishe siku 2. Kwenye kipupwe chenyewe unaweza kufika ya 3. Chota kwa upawa safi, usirudishe kilichobaki sahanini. Ukiona povu dogo au harufu chachu, mwaga. Kuchemsha tena hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Sasa umeona kwa nini tunasema chumvi tu: maharage ya nazi hayafiki kesho jioni.

Kuunga kwa dakika 10

Kwa robo moja ya chungu: kitunguu maji 1, nyanya 2, mafuta ya alizeti vijiko 3, chumvi. Kitunguu kikigeuka rangi ya dhahabu, nyanya ziingie. Usizimenye wala usizikatekate. Kata nyanya nusu, ikwaruze kwenye greta, ngozi itabaki mkononi. Zipike mpaka mafuta yajitenge pembeni, dakika 5 hivi. Anayeharakisha hapa hula maharage yenye uchachu wa nyanya mbichi, halafu anasema maharage yamemkinai. Tia maharage na mchuzi wake, ponda upawa mmoja kwenye ubavu wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, dakika 3, basi.

Jioni ya pili unabadilisha kitu kimoja tu. Karanga zilizosagwa, vijiko 4 vilivyokorogwa kwanza kwenye maji baridi nusu kikombe. Ukizitia kavu huganda madonge na kuungua chini, kwa hiyo zikiingia usiache kukoroga. Jioni ya tatu viazi mviringo vilivyochemshwa huvunjwavunjwa humo humo, na hapo huhitaji ugali. Ya nne, nazi, kwa kuwa unamaliza.

Nyanya zikishuka bei, zile ndoo za Ilula zinapofika Mbeya na Iringa, pika rojo la wiki: nyanya kilo 2, vitunguu nusu kilo, mafuta robo lita, chumvi kijiko 1. Lipike hadi likauke nusu. Kwenye friji, ndani ya chupa ya kioo iliyochemshwa, hukaa siku 5, na kuunga kunakuwa kuchota vijiko 3. Kitunguu saumu usikitie humo. Kiongeze siku ya kula, kwa kuwa saumu iliyofunikwa mafuta na kukaa muda mrefu inaweza kuzaa sumu ya hatari.

Mboga za majani: chagua kwa uvivu

Majani ya maboga ni matamu, hakuna ubishi. Lakini kuyamenya nyuzi ni kazi ya nusu saa kwa fungu linalonywea likawa kiganja. Kisamvu ni kutwanga na kuchemsha muda mrefu bila kufunika, kwa sababu kibichi kina sumu. Viwili hivyo waachie wenye moyo, au nunua kisamvu kilichokwisha kutwangwa. Wewe nunua chainizi, figiri, kabichi. Osha majani yakiwa mazima, kata baadaye. Ukikata kwanza vitamini na ladha vinaondoka na maji. Kitunguu, mafuta, majani, chumvi mwishoni, dakika 4 bila kufunika. Chumvi ikitangulia majani hutoa maji na unakula mchuzi wa kijani.

Na kuna mboga isiyopikwa kabisa. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe humwagika msimu ukifika, likipondwa na chumvi, kitunguu na ndimu ni mboga ya ugali. Mtindi vilevile. Jioni ya uchovu, ugali kwa mtindi ni mlo wa sufuria moja na bakuli moja la kuosha.

Usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, gramu 100 hutosha watu 3. Tatizo lake ni mchanga. Suuza mara tatu kwa maji ya vuguvugu, kila mara ukiwatoa kwa mkono na kuacha maji chini. Ukimwaga yote pamoja mchanga unarudi juu yao. Usiwaloweke zaidi ya dakika 5, watavunjika. Wakaushe kwenye sufuria isiyo na mafuta dakika 3, harufu ipungue, ndipo uwaunge. Ukiwakaushia mwezi mzima kwa pamoja na kuwatia kwenye kopo kavu, huna haja ya kurudia.

Ugali, viazi, wali

Ugali wa watu 4: maji lita 1 na robo, unga gramu 650 hivi. Koroga vijiko 5 vya unga kwenye maji baridi, uweke motoni uwe uji, utokote dakika 5. Huo uji ndio unaozuia madonge na ladha ya unga mbichi. Kisha ongeza unga mara tatu, ukisonga, na mwisho funika dakika 3 kwa moto mdogo. Sembe na dona havinywi maji sawa. Sufuria ijaze maji baridi mara tu unapopakua. Wakati mnakula, ukoko utajiachia wenyewe.

Viazi mviringo vya Uyole au Njombe vichemshe na maganda yake, vyote vya saizi moja, dakika 30. Ganda hutoka kwa vidole vikiwa vya moto, na hupotezi nyama ya kiazi kama unapomenya kwa kisu. Chemsha vya siku mbili. Vya pili vinanywewa chai asubuhi. Vibichi viweke gizani, mbali na vitunguu. Kilichogeuka kijani kina sumu chungu: kata sehemu hiyo kwa kina, au ukitupe kama kimeenea.

Mchele wa Kyela au Mbarali, kikombe 1 kwa maji vikombe 2, kwa sababu huku huchukua muda zaidi motoni na mvuke unaondoka. Kiporo cha wali kina hatari yake kikikaa nje usiku kucha. Kitandaze sinia, kipoe, kiingie friji. Bila friji pika wa kuisha.

Makande nayo ni rafiki wa mvivu, mradi mahindi yawe yamekobolewa. Vikombe 2 vya mahindi kwa 1 cha maharage, vyote vilowekwe pamoja usiku. Mahindi yatangulie motoni dakika 40, ndipo maharage yafuate, la sivyo maharage yatageuka uji na mahindi bado yanagongana na meno.

Wakati wa kununua yaliyochemshwa

Mitaa mingine wapo akina mama wanaouza maharage yaliyokwisha kuchemshwa, kwa kikombe. Usione aibu. Chukua bei ya robo kilo kavu, ongeza mkaa au gesi ya kuichemsha peke yake, linganisha na bei ya kiasi hicho hicho kwake. Anayeishi peke yake mara nyingi atakuta tofauti ni ndogo, kwa sababu mama huyo anachemsha debe zima kwa moto mmoja. Familia ya watu 5 itakuta kuchemsha nyumbani ni nafuu zaidi kwa mbali. Kabla ya kununua onja moja: kama mchuzi umekoza weusi, ngozi zimeyeyuka na ulimi unahisi sabuni, magadi yamezidi. Mwombe kwa adabu, "Mama, nitengee ya kesho yasiyo na magadi," na umpelekee chombo chako chenye kifuniko. Ukifika nyumbani yachemshe upya dakika 5 kabla ya kuunga.